Dirisha la Mama Mkwe

Fundi Kiganja hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa amekaa. Mkaribishe kiti, atakikalia kama mtu aliyekalia siafu. Dakika mbili tu, huyo, kainuka, kauendea ukuta, kaubandika kiganja cha mkono wa kulia, kafumba macho. Wasiomjua hudhani anaomba dua. Wanaomjua hunywa chai yao na kusubiri majibu ya vipimo.

"Huu una homa," husema. "Tangu lini?"

"Tangu tuhamie, fundi."

"Mnautibu na nini?"

"Feni."

"Feni haitibu. Feni inampepea mgonjwa mpaka afe."

Hapo tena hakai. Atazunguka nje, atatazama paa, atahesabu hatua, atarudi na vumbi la miguu mpaka sebuleni kwa watu, na chai yake itapoa mezani ikiwa nusu. Hakuna nyumba mtaani isiyowahi kumwaga nusu kikombe cha Fundi Kiganja.

Kazi yake ni uashi, na uashi wake una sifa moja: nyumba alizojenga hazina joto. Saa nane mchana, mabati ya jirani yakilia ta, ta, ta kwa kupanuka, ukiingia katika nyumba iliyopita mikononi mwake unajisikia kama mtu aliyeinamia mtungi wa maji. Na miezi ya baridi, jioni, ukuta uleule unakurudishia jua ulilolificha tangu mchana, polepole, kama bibi anayefungua pindo la nguo kutoa peremende. Umeme hautumiki. Mashine hamna. Ukimuuliza nani alimfundisha, atakwambia paka.

"Paka hana cheti," husema, "lakini mwingize nyumba yoyote, baada ya siku tatu anajua pa kulala asubuhi na pa kulala mchana. Mchora ramani kakaa chuoni miaka mitano, bado anamlaza mtu kichwa kikielekea jua la alasiri."

Kwa hiyo kabla hajachimba msingi huenda kiwanjani mara tatu kwa siku, huchomeka fimbo, hutazama kivuli, huguna. Akimaliza kuguna huwa ameshaigeuza nyumba. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu alimjia na picha aliyoikata gazetini: nyumba ya vioo, mbele vioo, ubavuni vioo.

"Mwalimu, humu unataka kukaa au unataka kukuza nyanya?"

"Kukaa. Na mke wangu."

"Basi hiki kioo ni cha nyanya. Jua likiingia halitoki. Mtaiva nyinyi kabla yake."

"Sasa fundi, wapita njia watajuaje kama nimejenga?"

"Watajua. Watakukuta nje umevaa taulo, unajipepea na hilo gazeti."

Mwalimu akageuziwa nyumba. Ubavu mwembamba ukaelekezwa machweo. Madirisha ya chini yakakaa upande wa kivuli na matundu ya juu upande wa pili, hewa ya ubaridi iingilie miguuni na ya moto itokee kichwani. Paa likatokeza nje hatua moja na nusu likazivika kuta kofia pana. Siku hizi mwalimu hulala mchana na kukoroma, kosa ambalo aliwachapia watoto wa watu kwa miaka thelathini.

Sasa twende kwa fundi mwenyewe.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga. Wangeiona nyumba ya Kiganja wangetafuta neno kali zaidi. Ilikuwa tanuri lenye mlango na kitasa. Miezi ya joto ilioka, miezi ya baridi iligandisha, na yote yalitokana na dirisha moja. Lilikuwa upande wa barabara, na barabara iko upande wa machweo: kioo kimoja cha bluu, kipana kama kitanda cha watu wawili, kisichofunguka ila kipande cha pembeni cha kupitisha mkono ukitaka kumpungia mtu. Kuanzia saa nane jua liliingia pale bila hodi na kukaa mpaka jioni. Wateja wakija, Kiganja aliwapokea nje, tena kwa haraka, kama mtu mwenye mgonjwa wa kuambukiza ndani.

Dirisha lile lilikuwa ahadi. Miaka ishirini na sita nyuma, alipokwenda kujitambulisha ukweni, kijana wa watu aliingia na adabu zake zote, akakaribishwa kiti, akakaa, na chini yake kitu kikasema *kach*. Alikuwa amekalia miwani ya mama mkwe. Hakuna aliyesema neno. Yeye mwenyewe alishindwa kusema hata samahani. Na ndiyo siku aliyoanza kuogopa viti. Tangu hapo alishindwa kabisa kusema na mama mkwe uso kwa uso, na mama mkwe naye akaona huyu kijana ana kiburi, akanyamaza. Kati yao akasimama binti.

"Mwambie mumeo chai hiyo," mama mkwe angesema, na mumeo mwenyewe yuko hapo, goti kwa goti.

"Mama amesema chai hiyo."

"Mwambie nashukuru."

"Anashukuru."

Miaka ishirini na sita, harusi, misiba na wajukuu, walikwenda hivyo hivyo. Na ujumbe wa kwanza kabisa kupita njia hiyo, kabla hata ya ndoa, ulikuwa huu: "Mama amesema binti yake haingii nyumba isiyo na dirisha kubwa la kioo upande wa barabara." Fimbo ya Kiganja ilikuwa imeshamwonyesha kivuli, na alijua anachokifanya ni dhambi. Lakini mtu aliyemvunjia mama wa watu miwani atapata wapi mdomo wa kubishana naye juu ya kioo? Akalijenga. Mwaka uliofuata ukaja ujumbe mwingine: "Mama amesema masharubu yako yanamtisha." Akayanyoa, na hajayafuga tena.

Mwaka huu joto lilikuja mapema na kwa hasira. Mama mkwe, mjane anayeishi peke yake, alianguka uani kwake mchana akiwa anaanua nguo. Daktari akasema moyo umechoka, akae mahali pasipo joto, anywe maji, asiachwe peke yake. Binti akaenda kumchukua. Na katika nyumba ya Kiganja chumba kisicho na ngazi, kilicho karibu na choo, kilikuwa kimoja tu: cha mbele. Chenye dirisha.

Siku ya Jumatatu akaja shemeji. Huyu ni kaka mkubwa wa mkewe Kiganja, ana duka la viyoyozi, na nyumbani kwake mashine zinanguruma kila chumba mpaka jikoni, kiasi kwamba mwaka mzima huvaa sweta. Ndilo jina lake mjini: Sweta. Alikaa kitandani kwa mama yake saa tisa alasiri, jasho likimtoka kama bomba bovu, na sweta hakulivua, kwa sababu mwenye duka la baridi hawezi kuonekana ameshindwa na joto.

"Shemeji," alisema akijifuta, "wewe si ndiye daktari wa kuta? Huu mbona hujaugusa?"

"Nimeugusa."

"Ukasema?"

Kiganja alikuwa ameshasimama, anazunguka.

"Basi sikiliza. Jumapili saa tisa kama hizi nakuja na gari. Nikikuta chumba hiki kama leo, mama naondoka naye."

Mama mkwe alitazama dari. Mwaka jana alikaa kwa Sweta wiki mbili, akarudi na kikohozi cha miezi miwili na skafu shingoni. Binti yake akasema.

"Mama akienda na mimi naenda, kaka. Nani atamwogesha huko? Mashine?"

"Kwa muda gani?" Kiganja aliuliza.

"Mpaka joto liishe, mume wangu. Miezi minne."

Aliyasema bila ukali, akikunja nguo za mama yake, na hilo ndilo lililomtisha Kiganja. Mke anayegomba amebaki nyumbani. Mke anayekunja nguo ameshafika njiani.

Sweta hajawasha gari, Kiganja yuko juu ya paa na ndoo ya chokaa iliyokorogwa na gundi, anapaka mabati meupe. Ng'ambo ya barabara kuna fundi cherehani, mama mnene mwenye sauti ya kipaza, ambaye kazi yake ya pili ni kutazama watu.

"Kiganja! Umeamua kuipaka nyumba poda?"

"Jua likija lijione kwenye kioo, dada, lirudi lilikotoka!"

"Na wanja utaipaka lini?"

Hakuwa na kipimajoto. Alichukua mshumaa, akausimamisha juu ya kigoda kando ya kitanda cha mama mkwe, pale jua la dirishani linapofikia. Jumatatu ile, chokaa ikiwa bado mbichi, ulikuwa umepinda mpaka kichwa kikagusa kigoda, kama mtu anayeomba msamaha wa kosa kubwa. Jumanne akaziba mwanya hapa, akatoboa matundu pale, chini kidogo ya dari, hewa ya moto ipate pa kutorokea. Mshumaa ukainama, nafuu kidogo tu kuliko jana. Akashuka, akapanda, akashuka. Alikuwa hali akashiba. Ugali aliula amesimama, tonge mkono mmoja na mwingine uko ukutani.

Jumatano akatangaza sheria: madirisha yote wazi tangu giza hadi alfajiri, na jua likichomoza tu yafungwe, luva, mlango, kila kitu.

"Umetufungia kama kuku," mkewe alisema.

"Hewa ni mgeni, mke wangu. Akija alfajiri anakuja na baraka. Akija saa nane anakuja na njaa."

"Na mimi nitaonaje barabara mlango ukifungwa, na kule mbele kuna mgonjwa?"

"Kuna nini barabarani?"

"Watu, wewe mwanaume! Barabarani kuna watu!"

Nyumba ikapoa kwa kweli. Chumba cha nyuma kikawa kinalalika mchana. Lakini cha mbele, ikifika saa nane, jua lilipita kwenye kile kioo kama lina ufunguo wake. Alhamisi mkewe akashauri pazia zito.

"Pazia la ndani," Kiganja alisema huku akienda huku na huku kama mbuzi aliyefungwa kamba, "ni kumfungia mlango mwizi aliyeshakaa kitandani. Jua huzuiliwa nje. Hili dirisha ama nilizibe, ama nilifunike kwa nje. Nenda kamwombe mama ruhusa."

Mkewe alisimama kidogo. Akaingia ndani, mlango ukarudi nyuma yake. Kiganja akahesabu matofali ya ngazi mara tatu. Mkewe akatoka.

"Mama amesema hapana. Amesema dirisha ndiyo heshima ya binti yake."

Siku hiyo mshumaa ukainama tena. Kiganja aliutazama, akatoka, akazunguka nyumba mara sita, mpaka fundi cherehani akasimamisha mashine. "We baba, unaifunga nyumba uzi au? Usije ukanichukulia kazi!"

Ijumaa mkewe alikwenda kituo cha afya kufuata dawa za mama, na mwenye kujua foleni ya dawa ya Ijumaa anajua kwamba mtu huyo harudi kabla ya saa kumi. Saa nane na nusu Kiganja aliingia chumba cha mbele kuutazama mshumaa wake, akidhani mgonjwa amelala.

Hakuwa amelala. Mama mkwe alikuwa chini, kwenye jamvi, kitambaa kimelowa kichwani. Kipande cha jua, cha bluu, kipana kama kitanda, kilikuwa kinatambaa sakafuni kumfuata, na yeye alikuwa anakikimbia kwa makalio, shubiri baada ya shubiri, akilikokota jamvi lake kimya kimya. Alikuwa amebakiwa na kona. Jua lilikuwa limeshamfika vidoleni.

Kiganja amepima kuta nyingi. Ukuta unaokimbia hakuwa ameuona.

Alitaka kusema, ulimi ukagoma kama ulivyogoma siku ya miwani. Akageuka, akaweka kiganja ukutani, akasema na ukuta.

"Ukuta," alisema, "ungekuwa na mdomo ungemwomba mama radhi. Ungemuuliza pia kama hawezi kutuhurumia, tukalifunika dirisha lake, hata kwa gunia."

Kisha sauti kavu kutoka konani:

"We mshumaa. Muulize huo ukuta: dirisha langu lipi?"

"Hili la bluu, ukuta. Alilolitaka mama mwaka wa ndoa."

"Mshumaa, mimi? Mimi dirisha la nini? Nilikuja kuiona nyumba haijapauliwa, nikamwambia binti yangu: mwambie mwenzio aliangalie hilo pengo, jua la jioni litawaua humo. Akaja na majibu. Ati mumewe amesema fundi ni yeye, mama aendelee na sufuria zake."

Kiganja aliupiga ukuta kofi. "Ukuta, mimi nimesema hivyo? Kwa kinywa hiki?"

"Nilikaa na neno hilo miaka ishirini na sita, mshumaa. Nikasema kumbe si kiburi tu, na mdomo anao."

"Na jana, ukuta? Mama hakukataa jana?"

"Jana mwanangu aliingia, akasimama hapo, akapanga mto ambao ulikuwa umepangika, akatoka. Mimi nikadhani anatafuta kibanio."

Kipande cha jua kikasogea. Kiganja akavua shati lake akalitundika mbele ya miguu ya mama mkwe, kwenye kiti, likafanya kivuli. Halafu akarudi ukutani haraka, kama mtu aliyefanya utovu wa adabu.

"Ukuta," alisema, "na masharubu je?"

"Masharubu gani tena, mshumaa?"

"Si yalikuwa yanamtisha mama."

Mama mkwe alicheka, kicheko cha kikohozi, bega likimtikisika. "Marehemu mume wangu alikuwa na masharubu unaweza kuanikia nguo! Nitishwe na ya huyu?"

"Na miwani, ukuta," Kiganja alisema kwa sauti ndogo. "Miwani ile kweli niliivunja mimi. Hiyo sina wa kumsingizia."

Mama mkwe akakigeuza kitambaa kichwani.

"Mshumaa," alisema hatimaye, "ile miwani niliivunja mwenyewe asubuhi ile, nikaikanyaga. Mume wangu alikuwa ameinunua juzi tu. Nikaiweka kwenye kiti cha mgeni."

Kiganja alitoka bila kuaga. Dakika mbili baadaye alirudi na nyundo, patasi na kamba, na nyuma yake fundi cherehani na wateja wake wawili, mmoja akiwa na suruali iliyoshonwa mguu mmoja. Walimhamishia mama mkwe kitandani upande wa mlango, wakaanza. Fremu ilikuwa imekaa ukutani robo karne, haikutaka kutoka. Kioo kilipoachia, watu wanne walikikumbatia wakakitoa nje kwa hatua za kubeba jeneza, na fundi cherehani akalia kilio cha uongo mpaka kwenye ukuta wa uani walipokiegemeza.

Mkewe alirudi saa kumi na ushei, mfuko wa dawa mkononi. Alikuta palipokuwa na dirisha lake pamebaki shimo, na ndani ya shimo, amekaa kitandani, mama yake.

"Karibu," mama yake alimwambia. "Mama amesema karibu."

Binti akaelewa papo hapo.

"Kwa nini?" Kiganja aliuliza. Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyesimama tuli, na mkewe ndiye aliyekuwa anazunguka.

"Nilikuwa na miaka ishirini na moja!" alisema, akienda, akirudi. "Kwetu unapajua. Nyumba iko nyuma ya nyumba, iko nyuma ya ukuta, iko nyuma ya choo cha wapangaji. Nimekua mpaka nikavunja ungo hakuna mpita njia aliyewahi kuniona nikiwa nimekaa tu, nimependeza. Nikasema nikiolewa nitakaa dirishani. Ningekwambia nataka mimi, ungechomeka fimbo yako, ungeguna, ungenishinda. Mama ungemshindaje?"

"Na masharubu?"

"Yalikuwa yananichoma."

Fundi cherehani alijiziba mdomo kwa suruali ya mteja.

"Na jana?" Kiganja aliuliza. "Jana mama anaungua."

Hapo mkewe akaacha kuzunguka. "Jana niliingia nimwambie," alisema. "Nikaona nikisema moja, yote yatatoka. Nikapanga mto." Akajifuta uso kwa mfuko wa dawa. "Basi mimi Jumapili niende na kaka. Mama abaki, niende mimi."

Kiganja alikwenda barabarani, akaitazama nyumba yake, akatazama jua, akachomeka fimbo kwenye changarawe ya watu. Akaguna. Akaguna tena. Akarudi.

"Unataka kuonekana?"

"Usinicheke."

"Nakuuliza. Unataka kuonekana na watu wa barabarani?"

"Nataka."

"Basi kwa nini nikufungie nyuma ya kioo? Nakutoa nje kabisa."

Wakafanya kazi mpaka giza, na Jumamosi tangu alfajiri. Shimo la dirisha lilijengwa kwa tofali za kuchoma, tabaka mbili na nafasi ya vidole vinne katikati, likaachiwa kidirisha cha ubao juu, cha kufungua usiku. Mbele ya ukuta ule, urefu wake wote, wakashusha upenu: nguzo tano, mabati yaliyobaki, na juu ya mabati tandiko la matete lililokuja na mkokoteni. Chini ya upenu wakajenga benchi la tofali linalotazama barabara. Mkewe alikanda udongo kwa miguu, sketi kaikunja, na kila aliyepita alimwona. Kufika saa saba ya Jumamosi alikuwa ameshasalimiana na watu wengi kuliko aliowapungia kwenye kioo mwaka mzima.

Mama mkwe alisimamia kazi kupitia mshumaa. "Mshumaa, waambie nguzo hiyo imelewa."

Kiganja hakupata usingizi. Alijua ukuta mbichi hudanganya: una maji, unapoa bure, baada ya wiki mbili utakauka na ndipo utasema ukweli. Alijua pia kwamba kivuli hakikauki. Mambo haya mawili alikuwa anayahamisha kichwani toka upande huu kwenda ule, na mwili nao ukifuata, kitandani, mlangoni, uani, kitandani.

Jumapili saa tisa kamili gari lilisimama. Sweta alishuka na sweta lake, na mto wa safari wa mama yake kwapani. Alimkuta dada yake kwenye benchi, chini ya kivuli, anamenya viazi na kujibu salamu za barabara nzima.

"Mko tayari?"

"Kaa kwanza, kaka."

"Sikuja kukaa." Akaingia. Akasimama katikati ya chumba akisubiri jasho. Jasho halikuja. Akatazama ukuta mahali palipokuwa na dirisha, akatazama matundu ya juu. Kwenye kigoda mshumaa ulikuwa umesimama wima kama askari wa zamu, na kitandani mama yake alikuwa amelala usingizi wa mchana, mdomo wazi, shuka mpaka kifuani.

"Mama," Sweta alinong'ona.

"Ukimwamsha utabebana naye mwenyewe," dada yake alimwambia mlangoni. "Hajalala mchana tangu aje."

Sweta akasubiri. Alikaa kwenye kiti cha pembeni. Baada ya dakika kumi akafungua kifungo kimoja cha sweta, si kwa joto, kwa kukosa kazi. Kisha cha pili. Alilivua lote, akalikunja magotini, akakuna shingo yake, ambayo mtaani hakuna aliyekuwa anaijua. Kidogo kidogo kichwa kikaangukia kifuani.

Kiganja ndiye aliyebaki anahangaika. Mkewe alimletea chai, akaipokea, akapiga funda moja, akaenda kwenye ukuta mpya, kiganja, macho kafumba. Akaenda kwenye wa zamani. Akatoka nje kuangalia upenu, akarudi, akafungua kidirisha cha juu kidogo, akakifunga. Kidevuni na juu ya mdomo vinyweleo vya siku mbili vilikuwa vimeanza kuota, vyeupe. Akarudi kwenye ukuta mpya.

Kitanda kikalia. Mama mkwe alikuwa amefumbua macho. Alimtazama mwanawe aliyelala bila sweta, akautazama mshumaa, akaupita. Macho yake yakaja yakatua kwenye uso wa Kiganja.

"Baba," alimwambia, "kaa chini. Unanitia joto."

Mkewe, mlangoni, kisu cha viazi mkononi, alifungua mdomo kwa mazoea. "Mama amesema uka..."

"Nimemsikia," Kiganja alisema.

Akakitazama kiti cha pili kwanza, kama hakina kitu. Akakaa. Akanywa chai yake funda kwa funda, bila kuinuka, mpaka ikaisha, na chini ya kikombe akakuta ua jekundu limechorwa. Alikizungusha mkononi muda mrefu. Vikombe vile walipewa siku ya harusi.